Mshairi wa Ujiji aliyewafundisha wanafunzi asiowaona: uchambuzi wa kisa cha Amri Abedi

Mwaka 1954 Eagle Press, tawi la uchapishaji la East African Literature Bureau, ilitoa kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwandishi wake, Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji mwaka 1924, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuhubiri dini. Miaka 10 baadaye alikuwa amekwisha kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, Waziri wa Sheria, Waziri wa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa, na marehemu.

Wengi leo wanalijua jina lake kwa uwanja wa mpira wa Arusha, Sheikh Amri Abeid, na sidhani kama wanaopiga kelele majukwaani wanajua kwamba mwenye jina alikuwa malenga. Hapa sitasimulia maisha yake yote. Nataka kuchambua jambo moja tu. Kitabu kile kiliandikwa kumsaidia mtu anayeanza kutunga. Miaka 20 baadaye kilikuwa kinashitakiwa kwamba ndicho kinachowafunga watunzi mikono. Ilikuwaje?

Tuanzie Ujiji, maana jibu kwa sehemu kubwa liko huko. Wageni wanaukumbuka mji huo kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871. Sisi tuna sababu nzuri zaidi, kwa kuwa Ujiji umetupa Amri na umetupa pia Saadani Kandoro, malenga na mmoja wa waasisi wa TANU. Ni mji wa Waswahili ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini. Uliinuliwa na misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora, ikibeba pembe na watu waliotiwa utumwani, na njia hiyohiyo ikapitisha lugha, Uislamu, kanzu na maulidi. Mtoto wa Ujiji alikikuta Kiswahili mlangoni, lakini hakuikuta maktaba ya washairi waliotangulia.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Lamu, Pate au Mvita, yaani Mombasa, mtoto aliyekuwa na sikio alijifunza kutunga bila mtu kumwambia kwamba anafundishwa. Bibi alighani tenzi jikoni, mjomba alibishana kwa mashairi na jirani, kwenye kasha palikuwa na nakala za hati za Kiarabu. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni mama anayempa binti yake wasia, na binti yule alipokea adabu za ndoa na za utungaji kwa pamoja. Katika nyumba kama hiyo hakuna anayemwambia mtoto ahesabu silabi. Akikosea, wakubwa wanakunja uso, naye anarekebisha.

Amri alisoma Tabora, katika shule ya serikali, kisha akajiunga na umisionari wa Ahmadiyya, jumuiya ambayo Waislamu wengi hawaikubali, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Alikuwa mmoja wa waliosaidia kazi ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka Nairobi mwaka 1953. Masheikh wengi wa pwani waliikataa, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy baadaye alitoa yake. Nalitaja hili si kwa ajili ya ubishi wa kidini. Nalitaja kwa kuwa kazi ile inatuonyesha Amri alikuwa mtu wa namna gani alipokaa kuandika juu ya ushairi. Alikwisha kuzoea kulipima kila neno na kulitetea mbele ya watu wasiomkubali. Tena alikuwa mhubiri, na mhubiri huwa hafikirii jirani zake peke yao. Humfikiria hata mtu wa kijiji cha mbali ambaye hatamwona kamwe.

Na watu hao wa mbali walikuwapo, kwa wingi. Gazeti la serikali la Mambo Leo lilianza Tanganyika mwaka 1923, na kurasa zake za mashairi zikawa uwanja. Karani wa stesheni, mwalimu wa shule ya msingi, mganga msaidizi wa zahanati, kila mmoja alituma ubeti wake. Mmoja aliuliza swali kwa shairi, mwingine akamjibu toleo lililofuata, wa tatu akawasuta wote wawili. Wengi wao hawakuwa watu wa pwani, na Kiswahili walikipata shuleni au kazini. Walipenda shairi, lakini hawakuwa na bibi wa kuwakunjia uso.

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi hulipita haraka. Gazeti liliuondoa ushairi kwenye koo na kuuweka kwenye karatasi. Shairi linaloimbwa hujisahihisha lenyewe, kwa kuwa ukizidisha silabi moja sauti inakwama na wasikilizaji wote wanajua. Shairi lililopigwa chapa halikwami. Msomaji analipitia kwa macho na kosa linapita naye. Sikio likikosekana lazima kipatikane kitu cha kushika nafasi yake, na kitu hicho ni kuhesabu. Amri aliandika kitabu cha kuhesabu kwa watu waliokuwa wakitunga kwa macho.

Tuone kuhesabu kwenyewe kunafanyaje kazi. Shairi la kawaida la magazetini lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, zilizogawanywa nane kwa nane. Nusu ya kwanza ni ukwapi, ya pili ni utao. Ukwapi una kina chake, yaani silabi ya mwisho inayofanana katika kila mshororo, na utao una kina chake, na vina hivyo havibadiliki ndani ya ubeti. Nimeutunga ubeti huu kwa ajili ya mfano tu:

Kalamu nimeishika, kinywa changu hakisemi,
Maneno yametoweka, yaukimbia ulimi,
Mizani nikiiweka, waharibika usemi,
Mwalimu ukinicheka, mlaumiwa si mimi.

Hesabu kwa vidole: ka-la-mu-ni-me-i-shi-ka, nane. Ki-nywa-cha-ngu-ha-ki-se-mi, nane. Katika “mlaumiwa” ile m ya mwanzo inahesabiwa peke yake kwa kuwa inatamkwa kama silabi. Kina cha kati ni ka, cha mwisho ni mi. Ubeti hauna uzuri wa kujivunia, lakini umesimama.

Sasa chukua mshororo wa tatu uuandike kama mtu anavyozungumza: “Mizani ninapoiweka, usemi unaharibika.” Maana ni ileile na sarufi ni safi. Hata hivyo kila upande sasa una mizani tisa, na kina cha mwisho kimekuwa ka badala ya mi. Jaribu kuuimba pamoja na wenzake watatu uone utakavyojikwaa. Ili kuuponya mtunzi anafanya mambo matatu kwa mpigo: anaibana “ninapoiweka” iwe “nikiiweka”, anafupisha wakati wa kitenzi hadi “waharibika”, na anakitanguliza kitenzi mbele ya mtenda ili usemi ukae mwisho na kutoa kina. Mtoto wa Mvita anayafanya hayo bila kujua majina yake. Karani wa stesheni ya Dodoma anahitaji mtu amwambie kwamba inaruhusiwa, na kwamba kuna mpaka, kwa kuwa ukilibana neno mno linakuwa fumbo lisilofumbulika na shairi linabaki guni, yaani shairi lenye kasoro, kwa njia nyingine.

Kazi ya mwalimu wa uandishi ndiyo hiyo, na kwa maoni yangu Amri aliifanya vizuri kuliko wanavyokiri waliomkosoa. Mpangilio wa kitabu wenyewe ni wa kiualimu, kwani kanuni zinatangulia na diwani yake, yaani mkusanyo wa mashairi yake, inafuata. Anakupa kipimo, kisha anakuwekea mashairi yake mwenyewe uyapime. Walimu wa kutunga wenye ujasiri huo si wengi. Walio wengi hufundisha kwa mashairi ya marehemu, ambayo hayawezi kuwaaibisha.

Zaidi ya mizani na vina alisisitiza utoshelezi, yaani kila ubeti ujitosheleze, uweze kusimama na maana yake kamili bila kuuegemea unaofuata. Kwa ushairi wa magazetini hili lilikuwa na faida ya wazi. Ubeti unaojitosheleza unaweza kunukuliwa na mpinzani anayetaka kukujibu, na unaweza kukaa kichwani mwa mtu aliyelisoma gazeti mara moja akaliacha kwa jirani. Alisisitiza pia kwamba shairi ni wimbo, na shairi lisiloimbika halina maana. Kauli hiyo ndiyo iliyonukuliwa zaidi kuliko yote aliyoandika, na karibu kila mara imenukuliwa na watu wanaotetea kuhesabu. Nadhani wameisoma kinyume. Aliyesema shairi ni wimbo ameiweka sauti juu ya hesabu. Kwake mizani ni mtumishi wa koo.

Siwezi kumsafisha kabisa, lakini. Jina la kitabu ni kali na lugha yake ni ya mtu mwenye hakika. Aliyataja mapokeo kana kwamba ni kitu kimoja kilichokamilika, ilhali pwani yenyewe haikuwa na umbo moja. Al-Inkishafi, shairi maarufu la kale la pwani, ina mizani 10 katika mshororo, na mapumziko yanakuja baada ya ya sita. Ukawafi, umbo jingine, una vipande vitatu katika mshororo. Tenzi zina mizani nane na kina cha mwisho kinachopita kazi nzima kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Nane kwa nane, umbo ambalo Muyaka bin Haji wa Mvita alilitumia kwa ustadi mkubwa mwanzoni mwa karne ya 19, lilikuwa moja kati ya mengi. Diwani ya Muyaka ilipigwa chapa mwaka 1940 kwa kazi ya William Hichens, wakati Amri ana miaka 16. Miaka ya 1950 umbo hilo ndilo lililokuwa limeshika magazeti, na kwa anayejifunza kutokana na gazeti lilianza kuonekana kana kwamba ndio ushairi wenyewe.

Kwa nini umbo hilo likayashinda mengine? Nafikiri ni kwa sababu ya kujibizana. Anayejibu shairi kwa kawaida hujibu kwa bahari ileile, yaani umbo lilelile, na mara nyingi kwa vina vilevile, ili ushindani uwe wa haki. Watu mia wakibishana wanahitaji uwanja wenye vipimo vinavyojulikana na wote. Umbo la mizani 16 ni rahisi kuhesabu, ni refu kiasi cha kubeba hoja, na kuna sauti nyingi za kuliimbia. Hapo Amri hakuamuru kitu. Aliandika kanuni za mchezo uliokwisha kuwa na mashabiki wengi.

Kazi yake ya siasa nitaipita haraka, kwa kuwa ilikuwa fupi na haikumwachia nafasi ya kurudi kwenye kitabu. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Rabwah, Pakistani, kwa masomo ya dini. Mwaka 1960 akawa Meya wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Sheria, mwaka uliofuata akapewa wizara yenye utamaduni wa taifa ndani yake. Oktoba 1964 alifariki huko Ujerumani Magharibi akiwa na miaka 40. Nikiwaza waziri wa utamaduni ambaye ni malenga wa bara, amefundisha kutunga na anaijua Kurani neno kwa neno, naona hasara kubwa. Lakini hayo ni mawazo yangu, na wizara ile hakuishika hata mwaka mmoja.

Kifo hicho ndicho kilichobadilisha hatima ya kitabu. Mwalimu aliye hai hurekebisha. Wanafunzi humletea kazi ambazo hazikuwamo katika hesabu yake, anashangaa, anaongeza sura. Mwalimu aliyekufa hubaki na toleo moja. Wakati huohuo nchi ilikuwa inajenga masomo ya Kiswahili kwa kasi na ilihitaji kitu cha kufundishia. Chama cha UKUTA, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kilikuwa kinawakusanya malenga. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, naye mtu wa bara, aliongoza harakati za ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, zilizobeba siasa ya Azimio la Arusha hadi mashuleni. Ngonjera zilitungwa kwa umbo lilelile la mizani na vina, zikakaririwa na watoto waliosimama mistari miwili. Kile ambacho Amri aliwaandikia watu wazima waliopenda kutunga sasa kilikuwa kinawafikia watoto waliolazimishwa kukariri.

Ndipo wakaja vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyekuwa mtoto wa miaka 10 kitabu cha Amri kilipotoka, alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Hoja yao haikuwa uvivu wa kuhesabu, ingawa walisingiziwa hivyo. Walisema jamii nyingi za Kiafrika zina mashairi makubwa yasiyojua kina, na kwamba kumlazimisha Mhaya au Mkerewe akubali kuwa ushairi ni nane kwa nane ni kumfanya aukane ushairi wa nyumbani kwao. Upande wa pili ukajibu kwamba vina na mizani ndivyo uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili, na kwamba maandishi yasiyo navyo ni nathari iliyokatwa vipandevipande.

Tazama waliokuwa wakigombana. Mwenye kitabu ni mtu wa Ujiji, wanaokipinga ni watu wa kanda ya Ziwa Viktoria. Wote ni wa bara, wote Kiswahili kiliwafikia kwa njia ndefu. Amri aliona kwamba mgeni atakaribishwa akijua desturi za nyumba, kwa hiyo akaziandika desturi ili kila mgeni aingie. Kezilahabi na wenzake walikwisha kuingia na waliiona nyumba kuwa yao pia, kwa hiyo walitaka kuhamisha ukuta mmoja. Mimi sioni kwamba wa kwanza alikosea ili wa pili wapate haki. Bila kizazi kilichofunzwa na Mambo Leo na vitabu vya Eagle Press, watu wa bara wasingekuwa na sauti ya kudai chochote katika ushairi wa Kiswahili. Wangebaki wasomaji wa mashairi ya pwani.

Linalonisikitisha ni jinsi pande zote mbili zilivyomfanya Amri kuwa hakimu. Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, walimtaja ili kufunga mjadala; wanausasa, waliovipinga, walimtaja ili kuwa na adui mwenye jina. Diwani yake, nusu ya pili ya kitabu, ikasahaulika kabisa. Hebu mwulize mwalimu wa fasihi akutajie shairi moja la Amri. Atakutajia mizani.

Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo, na yanafaa kutajwa kwa kulinganisha. Abdilatif Abdalla aliyatunga gerezani, kati ya 1969 na 1972, mashairi yaliyotoka katika Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Yamefuata mapokeo ya Mvita, lakini bahari zake zinabadilikabadilika, mishororo inarefuka na kufupika kadiri ya uchungu. Huyo ni mtu aliyelelewa ndani ya sauti, na kwa hiyo aliweza kuzinyoosha kanuni bila kuzivunja. Alamin Mazrui, naye wa Mombasa, naye mfungwa wa kisiasa, alichagua kuziacha katika Chembe cha Moyo cha mwaka 1988. Kwa hiyo ubishi haukuwa wa pwani dhidi ya bara kama unavyosimuliwa mara nyingi.

Darasani leo, Tanzania na Kenya, mwanafunzi anapewa shairi aoneshe idadi ya mizani, ataje vina, aseme bahari, aeleze uhuru wa mtunzi, yaani jinsi alivyobana au kugeuza maneno. Anapata alama zake. Mara chache sana anaombwa aliimbe, na mara chache zaidi anaombwa atunge. Ile nusu ya mafunzo ya Amri iliyo rahisi kusahihisha kwa kalamu nyekundu ndiyo iliyosalia, na ile iliyokuwa moyo wake imeachwa mlangoni. Ningekuwa na darasa ningelianza kinyume: waimbe kwanza, watunge vibaya, wajikwae, ndipo wapewe kanuni kama dawa ya tatizo wanalolijua. Ninavyomsoma Amri, ndivyo alivyotaka, kwani aliwaandikia watu waliokuwa tayari wanatunga na kujikwaa.

Mulokozi na Kahigi, mwishoni mwa miaka ya 1970, waliona kwamba kupinga hakutoshi, anayeanza bado anahitaji mtu wa kumwambia afanye nini. Wakaandika mwongozo wao, wakapanua maana ya ushairi, wakaeleza picha, istiara na lugha ya mkato, kisha wakaweka mashairi yao wenyewe nyuma yake ili msomaji awapime. Wakakiita Kunga za Ushairi na Diwani Yetu.